Je, Sukari Bandia Yatufaa?

Siku hizi ni kawaida kusikia watu wakibishana juu ya sukari bandia. Mmoja husema ni sumu iletayo saratani, na ya kwamba aitumiaye anajichimbia kaburi. Mwingine husema ni neema, maana mtu aweza kunywa soda na chai tamu mchana kutwa asinenepe wala asipate kisukari. Hapa shuleni petu mabishano hayo yamefika mpaka Chama cha Majadiliano. Muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba soda zote za kawaida ziondolewe katika duka la shule, na mahali pake ziwekwe zile zisizo na sukari. Waliounga mkono walishinda kwa kura chache, na waliopinga walitoka wakinung'unika kwamba tumechagua saratani. Mimi sikupiga kura upande wowote, kwa kuwa naona pande zote mbili ziliacha jambo lililo kubwa. Naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze.

Maoni yangu ni haya. Sukari bandia si sumu kama tunavyotishwa, wala si dawa kama tunavyoahidiwa. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa na daktari ina kazi yake. Lakini kwa sisi vijana wazima, na hasa kwa wadogo zetu walio nyumbani, hakuna sababu ya kuizoea kila siku. Kinachotufaa ni kuufundisha ulimi uridhike na utamu mdogo.

Kwanza yafaa tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Sukari bandia ni jina tunalovipa vitu kadha wa kadha vilivyotengenezwa na wanakemia, ambavyo ni vitamu mno kuliko sukari ya miwa. Aspatamu ina utamu wa sukari mara 200 hivi. Sakarini ni mara 300 au zaidi, na sukralozi mara 600 hivi. Kwa hiyo chembe ndogo tu hutosha kutia utamu chupa nzima ya soda, na chembe hiyo haina nguvu ya chakula inayoweza kuhesabiwa. Sakarini, mathalani, hupita mwilini na kutoka katika mkojo bila kubadilika.

Vitu hivi si vigeni kama wengi wanavyodhani. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Marekani. Mwanakemia Constantin Fahlberg, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, alikaa kula bila kunawa vizuri, akashangaa kuona mkate wake ni mtamu. Siklamati ilionjwa mara ya kwanza mwaka 1937 na mwanafunzi mmoja, Michael Sveda, na aspatamu mwaka 1965 na James Schlatter, aliyelamba kidole ili afunue karatasi. Kuhusu sukralozi, iliyogunduliwa London mwaka 1976, yasemekana kwamba mtafiti aliambiwa aupime unga fulani, naye akasikia ameambiwa auonje. Walimu wetu wa kemia, nadhani, hawatafurahi nikisema kwamba karibu utamu wote huu ulitokana na watu kuvunja sheria za maabara. Basi wanafunzi wenzangu, msiwaige hao, maana kwa kila aliyelamba akapata utajiri, wako waliolamba wakapata hospitali.

Sasa tuje katika hofu. Ilianzia wapi? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sukari ilipoadimika Ulaya, watu wengi walitumia sakarini. Baadaye ikawa chakula cha wagonjwa wa kisukari na cha watu wanaotaka kupungua. Kisha mwaka 1969 serikali ya Marekani ilitangaza kupiga marufuku siklamati, baada ya panya waliolishwa mchanganyiko wa siklamati na sakarini kwa wingi kupata uvimbe katika kibofu. Mwaka 1977 ikawa zamu ya sakarini yenyewe. Idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitaka kuipiga marufuku. Wananchi wakapiga kelele, Bunge lao likazuia, ikaamriwa tu kwamba kila pakiti iandikwe onyo.

Onyo hilo lilikaa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2000 likaondolewa. Kwa nini? Kwa sababu wataalamu walikwisha kufahamu jambo lililowapata wale panya. Mkojo wa panya dume hauko kama wa binadamu. Sakarini ikizidi sana humo hufanya chembe ngumu, chembe hizo hukwaruza kibofu, na kibofu kikijiponya mara kwa mara ndipo uvimbe huota. Jambo hilo halionekani kwa watu. Hata siklamati, ingawa haijarudi Marekani, inaruhusiwa mpaka leo katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Hofu ya sasa ni juu ya aspatamu. Mwezi wa Julai, 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka aspatamu katika kundi la vitu ambavyo labda vyaweza kuleta saratani. Habari hiyo ilienea upesi katika simu za wazazi wetu. Lakini habari ya pili, iliyotolewa siku ileile, haikuenea hata nusu yake. Kamati ya wataalamu wa viungo vya vyakula, inayoundwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, ilichunguza ushahidi ikasema haioni sababu ya kubadili kipimo chake cha siku zote, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku.

Je, mashirika haya yanapingana? Hapana. Yanajibu maswali mawili mbalimbali. Ni kama watu wawili waliosikia kwamba kuna mnyama porini. Mmoja huuliza, "Je, mnyama huyu ana meno?" Mwingine huuliza, "Yuko mbali kiasi gani na nyumba yangu?" Shirika la saratani huuliza la kwanza, nayo kamati huuliza la pili. Katika kundi lilelile la aspatamu imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri, ambao bibi zetu wameutumia tangu zamani. Wala kuwekwa katika kundi hilo si kusema kwamba jambo limethibitishwa. Ni kusema kwamba ushahidi uliopo ni mdogo na utafiti uendelee.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu huondoa woga. Kopo la soda isiyo na sukari laweza kuwa na miligramu 200 mpaka 300 za aspatamu. Mwanafunzi mwenye kilo 50 ana kipimo cha miligramu 2,000 kwa siku. Ili akifikie lazima anywe makopo 7 mpaka 10 siku hiyo, na kesho vivyo hivyo, na keshokutwa. Simjui mwanafunzi wa shule hii mwenye fedha za kufanya hivyo.

Basi wale wanaosema ni sumu wametia chumvi. Wako lakini watu wachache ambao lazima waiepuke aspatamu kabisa, nao ni wale waliozaliwa na ugonjwa uitwao fenilketonuria. Miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini, ambayo hutokana na aspatamu. Ndiyo sababu pakiti huandikwa onyo juu yake. Lakini hao ni wachache sana, nao ndio wanaohitaji onyo hilo.

Nikikomea hapo, mtadhani nimejiunga na upande wa pili. La. Upande wa pili nao una kosa, na kosa lao laweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu hofu humzuia mtu, bali tumaini la uongo humwachia mlango wazi. Wao husema: badili soda, na mambo yamekwisha. Mwezi wa Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya vitu hivi vyote, pamoja na vile vitokavyo katika majani ya stevia. Lilishauri watu wasivitumie kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na maradhi ya kisukari na moyo. Waliokwisha kupata kisukari hawakuhusishwa na mwongozo huo.

Sababu yake ni nini? Katika majaribio ya muda mfupi, aliyeacha sukari akatumia sukari bandia alipungua uzito kidogo. Lakini watu walipofuatwa kwa miaka mingi, faida hiyo haikuonekana. Tena waliotumia kwa wingi ndio walioonekana kupata zaidi kisukari na maradhi ya moyo. Hapa lazima tuwe waangalifu. Ukienda mjini ukahesabu watu wenye magongo, utakuta wengi wao wana miguu mibovu. Lakini si gongo lililowavunja miguu. Vivyo hivyo yawezekana kwamba watu waliokwisha kunenepa, au waliokwisha kuonywa na daktari, ndio wanaokimbilia sukari bandia. Shirika lenyewe lilikiri jambo hilo, ndiyo maana ushauri wake ni wa masharti, si amri. Lakini jambo moja halina ubishi: ahadi ya kwamba soda hizi zitatukinga haijatimia.

Isitoshe, mwaka 2022 watafiti wa Israeli walitangaza habari za jaribio lao kwa watu wazima 120 wenye afya, ambao waligawanywa katika makundi na kupewa vitu hivi kwa majuma mawili, kwa kiasi kisichozidi kipimo. Waliopewa sakarini na waliopewa sukralozi walionekana kuwa na mabadiliko katika namna miili yao inavyoishughulikia sukari ya damu, na wadudu wadogo wakaao matumboni mwao pia walibadilika. Jaribio moja halitoshi kuhukumu. Lakini latosha kutufundisha kwamba kitu kisicho na nguvu ya chakula si lazima kiwe kitu kisichofanya kazi yoyote mwilini.

Na meno je? Ni kweli kwamba vijidudu vya mdomoni haviwezi kuigeuza sukari bandia kuwa asidi, kama vinavyofanya kwa sukari ya kawaida. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini soda nyingi zina asidi yake yenyewe tangu kiwandani, nayo hula ngozi ngumu ya jino, iwe soda ina sukari au haina.

Sasa nafika mahali ambapo naona hatari iliyo karibu nasi zaidi, na ambapo Chama cha Majadiliano hakikugusa hata kwa ncha ya kidole. Tulibishana juu ya soda, ambazo mwanafunzi hununua mara moja kwa juma akipata nauli iliyobaki. Hatukusema neno juu ya juisi ya unga. Pakiti yake ni ya bei ndogo, huchanganywa katika jagi la maji, rangi yake hung'aa, na watoto huililia. Likizo iliyopita nilizisoma pakiti kadhaa katika maduka ya mtaani kwetu, maandishi yale madogo ya nyuma. Katika nyingi nilikuta sukari kidogo na sukari bandia za namna mbili au tatu pamoja. Mama anayeinunua hadhani hata kidogo kwamba ananunua sukari bandia. Yeye anajua ananunua juisi ya machungwa. Na chungwa lenyewe halimo.

Rudini katika hesabu yetu. Mtoto wa kilo 15 ana kipimo cha aspatamu cha miligramu 600 tu kwa siku. Kiasi ambacho mtu mzima hukipata kwa makopo mengi, yeye hukifikia kwa makopo mawili au matatu. Kipimo cha sakarini ni kidogo zaidi ya hicho. Sisemi kwamba mtoto akivuka mstari siku moja ataugua. Mstari huo umewekwa mbali na hatari makusudi. Nasema kwamba mwili mdogo hujaa upesi, na yule anayekunywa jagi zima si baba, ni mtoto. Tena huo ndio umri ambao ulimi hufundishwa. Mtoto aliyezoea maji yenye utamu kupita asali atayaonaje maji ya mtungi? Ataliita embe chachu, na uji hataugusa mpaka utiwe vijiko vitano. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wako watakaosema, "Basi afadhali turudi kwenye sukari yenyewe, maana hiyo ni ya shambani." Hapana, ndugu zangu. Sukari nayo si malaika. Soda ya kawaida huwa na gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina vijiko vidogo karibu 9. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hiyo, yaani vijiko vidogo 6 hivi kwa mtu mzima. Chupa moja tu imekwisha kupita hapo. Na ile chai ya asubuhi hatujaihesabu.

Wako pia watakaoniuliza juu ya wagonjwa. Swali hili nalijibu kwa heshima, kwa maana najua kwamba miongoni mwa wazazi wanaosoma gazeti hili wamo wenye kisukari. Namjua mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye alikuwa akitumia vidonge vya sakarini katika chai yake, kama alivyoelekezwa kliniki. Jirani akamtisha kwa habari ya saratani aliyoipata katika simu. Mzee akavitupa vidonge, akarudi kwenye sukari, vijiko vitatu kila kikombe, na baada ya majuma machache akalazwa. Huyo aliogopa hatari isiyothibitishwa, akaikimbilia iliyothibitishwa. Nawaomba wazee wangu: aliyeshauriwa na daktari asiyaache mashauri yake kwa sababu ya maneno ya barazani, wala kwa sababu ya makala ya mwanafunzi. Akiwa na shaka, na arudi kliniki akaulize. Jambo lililo bora zaidi, yaani kuizoea chai isiyo na utamu wowote, hilo linamfaa yeye kama linavyotufaa sisi.

Kwa hiyo, badala ya kubadilishana soda na soda, natoa mashauri manne.

Kwanza, duka la shule liuze maji ya kunywa kwa bei iliyo chini kabisa ya vinywaji vyote, na mapipa ya maji yaliyochemshwa yawekwe karibu na uwanja wa michezo. Mwanafunzi aliyetoka kucheza mpira ana kiu, hana haja ya utamu. Akikosa maji ndipo hununua soda.

Pili, sukari ya uji na chai ipunguzwe kidogo kidogo, robo kijiko kila majuma mawili, bila kelele. Nimejaribu jambo hili mwenyewe kwa muhula mmoja pamoja na wenzangu watatu wa bweni letu. Juma la kwanza tulikunja nyuso. Kufika mwisho wa muhula, chai ya wenzetu ilitushinda kwa utamu. Ulimi hujifunza, kama mkono unavyojifunza kuandika.

Tatu, tufundishwe kusoma pakiti. Majina ya vitu hivi ni marefu, lakini mara nyingi huandikwa kwa namba: aspatamu ni E951, siklamati ni E952, sakarini ni E954, na sukralozi ni E955. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuzikariri namba nne hizi kwa dakika tano. Halafu kila mmoja wetu, afikapo nyumbani likizo, amsomee mama yake pakiti moja tu. Asimwamrie wala asimkemee. Amsomee, na mama ataamua.

Nne, wazazi wanaokuja kututembelea wasituletee juisi ya unga kama zawadi, wala wasiwape wadogo zetu kila siku. Ndizi mbivu ni tamu, chungwa ni tamu, na muwa una utamu wake unaomchosha mtafunaji kabla hajazidisha. Hata juisi ya ukwaju au ya ubuyu ni nzuri, ila mpishi asiifanye kuwa shira.

Najua kwamba mashauri haya hayana ushindi wa kupigiwa makofi. Ni rahisi zaidi kusema "pigeni marufuku" au "badilisheni". Lakini kitu kimoja kilikosekana katika majadiliano yetu yote, nacho ni swali hili: kwa nini ni lazima kila tunachokunywa kiwe kitamu? Kiwanda chaweza kututengenezea utamu usio na sukari, lakini hakiwezi kututengenezea kiasi. Hicho lazima tujifunze wenyewe, na shule ndipo mahali pa kujifunza.

Wenye mawazo mbali na yangu, kurasa za gazeti hili zi wazi muhula ujao. Nitafurahi kusahihishwa na walimu wa baiolojia na kemia, na zaidi nitafurahi kusikia kutoka kwa wazazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano